Nilifuta Ua la Hajati, Mama Safi Akabeba Kosa

Nimekosa, na nimekosa nikiwa macho makavu, mchana kweupe, chai yangu ikiwa moto mkononi. Nakuandikia wewe nisiyekujua kwa sababu wanaonijua wote wananiita Injinia, na mtu akishaniita hivyo, ulimi wangu unakufa.

Nisikufiche, mimi si mtu wa kubahatisha. Nimezaliwa kwenye nyumba za polisi pale Nsambya, baba yangu konstebo kutoka West Nile, watoto saba chumba kimoja na pazia katikati. Nilikwenda Uarabuni nikawa mlinzi wa mlango wa jengo la maduka. Miaka sita nilisimama pale. Wenzangu walipomaliza zamu walilala, mimi nilikwenda darasani. Nilirudi Kampala na diploma ya kompyuta, ya jasho langu, bila mjomba wala shangazi kunishika mkono. Iko ukutani kwangu ndani ya fremu. Hata sasa ninapoungama nimeshindwa kuacha kuitaja. Ona basi!

Nilipata kazi kwenye karakana ya kutarizi kule Bugolobi, chini ya mafleti, upande wa viwandani. Tunatarizi beji za shule, majina kwenye ovaroli za wafanyakazi, na shingo za kanzu. Mwenye karakana ni sajini mstaafu wa polisi, Mwacholi, tunamwita Afande. Mafundi wametoka kila upande, kwa hiyo tunazungumza Kiswahili, kile cha kambini, kisichojali sana kanuni.

Fundi mkuu alikuwa Mama Safi. Yeye ni Mnubi, umri wake hamsini na kitu, mumewe bado ni polisi, na wanakaa Nsambya mlango wa nne kutoka kwa mama yangu. Hana cheti chochote. Anaandika kwa vidole viwili. Lakini mpe picha yoyote, ataikalia kwenye kompyuta, ataichora upya mshono kwa mshono, na mashine itaitoa kitambaani mpaka utake kuigusa.

Sasa nisikilize kidogo hapa, maana bila hili hutaona nilichokifanya. Mengine niliyajua baadaye, lakini nakupa yote sasa.

Mama yake, ambaye wote tunamwita Hajati, ana ua lake. Kwenye ukoo wao, binti akiolewa anatoka na shuka lililotariziwa ua la bibi yake. La Hajati lina majani arobaini na moja, na hakuna mawili yanayofanana. Alilitarizi kwa mkono tangu alipokuwa msichana, hakulichora popote. Kisha macho yakamwisha. Shuka la mwisho lenye ua hilo likaliwa na mchwa sandukuni.

Na Safi, binti wa Mama Safi, alikuwa amechumbiwa.

Mama Safi akamwomba mama yake waliingize ua kwenye kompyuta. Hajati alikataa kabisa. Alisema likiingia kwenye mashine litakuwa la kila duka mjini. Mama Safi akamwapia. Ua lingekaa kwenye kompyuta ile moja tu, lisiingie kwenye simu wala kwenye flashi, na mtu yeyote asiliguse bila ruhusa yake yeye. Ndipo mzee akakubali.

Wakaanza. Kila Jumapili Hajati alikaa na kitambaa mapajani, akichora kwa kidole pale ambapo sindano ingepita, na binti yake akifuatisha kwa kalamu. Siku za kazi, beji zikiisha, Mama Safi alilichora lile jani kwenye kompyuta. Kila jani faili lake, na likishaingia, kitambaa chenye alama za kalamu na kile cha majaribio vilichomwa moto, kwa ajili ya kiapo. Miezi minane! Na ili kiapo kisivunjike, alijifundisha kwa video za kwenye simu namna ya kuifunga folda ili mtu mwingine asiweze kufuta kitu ndani yake. Mama Safi, wa vidole viwili!

Hilo ndilo ambalo kichwa changu hakikuwa na nafasi ya kulifikiria.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kompyuta ya karakana ilikuwa nzito, na tulitakiwa kuweka programu mpya ya beji. Afande akaja na kofia yake kichwani, akasimama nyuma yangu.

"Injinia, hii mashine inatembea kama kuruti aliyekula ugali mwingi. Shida ni nini?"

"Imejaa takataka, Afande. Nipe saa mbili."

"Toa takataka. Lakini kitu cha mtu, uliza mwenyewe kwanza."

"Afande, mimi nimesomea hii kazi."

"Najua umesoma. Kila siku unatuambia." Akacheka akaenda zake.

Nikafuta hiki, nikafuta kile. Nikafika kwenye folda iliyoitwa MAUA. Ndani yake folda nyingine, na humo mafaili madogo madogo, alama zake nyeupe tupu, hayafunguki kwangu. Na majina yake marefu kama barua! Moja lilikuwa "jani la kwanza mama amefurahi." Jingine "jani la tatu mama anasema limelala sana." Nikacheka peke yangu. Nikasema, hawa wanawake wanaandika umbea wao kwenye kompyuta ya kazi.

Nikabonyeza kufuta. Skrini ikanijibu kwa Kiingereza chake, kwamba nahitaji ruhusa kutoka kwa MAMA SAFI ili kubadilisha faili hili.

Nikajaribu la pili. Jibu ni lile lile. La tatu, lile lile. Nikawa nakwenda moja moja kwa hasira, kila jina linatokea, kila mara ninaambiwa ruhusa kwa Mama Safi, ruhusa kwa Mama Safi.

Na Mama Safi mwenyewe alikuwa wapi? Nje pale, kwenye benchi karibu na mama wa chapati, anakunywa chai. Nilimwona kupitia dirishani. Alikuwa anacheka, anapuliza kikombe. Ningeinua tu sauti angenisikia.

Sikuinua. Unajua niliwaza nini? Niliwaza kwamba mimi, mwenye diploma, nitoke nje mbele ya wauza chapati nimuulize mama asiyejua hata kibodi, "Samahani, kompyuta imenishinda, naomba ruhusa yako"? Nikasema moyoni kwamba hii ni hitilafu tu. Kompyuta imechanganya akaunti, mambo ya kawaida, wateja kibao wameniletea. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna mtu aliyefunga mlango ule kwa makusudi.

Basi nikafanya nilichosomea. Niliingia kama msimamizi wa kompyuta, nikafungua sehemu ya usalama ya ile folda, nikabadilisha mmiliki. Akaunti yangu inaitwa INJINIA. Nikaandika INJINIA, nikaamuru umiliki ushuke mpaka faili la mwisho, nikajipa ruhusa zote. Nikayafuta yote kwa pamoja, moja kwa moja, bila kupitia kapu la taka. Folda ya juu tu, MAUA, ndiyo iliyokataa kutoka, programu ya mashine ilikuwa imeishika. Nikaiacha tupu.

Halafu, kwa kujionyesha, na sijui nilikuwa najionyesha kwa nani, nikaendesha ile programu inayopita juu ya nafasi iliyoachwa na kuisugua ili kilichofutwa kisirudi tena. Kazi safi. Nikanywa chai yangu.

Jumatatu Mama Safi alifungua kompyuta. Nilikuwa napanga nyuzi kabatini. Sikusikia kelele. Nilisikia kiti kikisogea, halafu sauti ndogo.

"Injinia. Njoo uone."

Nikaja.

"Ua la mama halipo."

"Ua gani?"

Akanieleza. Pale pale, amesimama, mikono imeshika ushungi wake, akanieleza habari ya kiapo, ya macho ya Hajati, ya arusi ya Safi iliyokuwa imebaki wiki tano. Ndipo nikaelewa. Banange! Nikashika meza. Kila neno alilosema lilikuwa linanisogelea kama ukuta.

Ningesema pale. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote. Lakini mafundi walikuwa wamekusanyika, na Afande akaja, na wa kwanza kuulizwa nikawa mimi, maana mimi ndiye mjuzi.

"Injinia," Afande akasema, "huyu mama anasema alifunga hii kitu. Alifunga sawasawa?"

"Alifunga, Afande."

"Kwa jina yake?"

"Kwa jina lake."

"Sasa bila ruhusa yake, mtu mwingine anaweza kufuta?"

Watu wote walinitazama. Mama Safi alinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Nikasema, "Hapana, Afande."

Neno moja! Sikuwa nimepanga kumchimbia shimo, nakuapia. Nilitaka tu kutoka kwenye yale macho. Lakini neno likishatoka linakwenda kutafuta mtu wa kumkalia. Fundi mmoja akasema taratibu, "Kama ni yeye tu anaweza, basi ni yeye." Mwingine akasema maduka ya mjini yanatafuta sana maua ya Kinubi. Hakuna aliyesema zaidi. Haikuhitajika.

Kufuli aliyoiweka kulinda ua la mama yake ikawa shahidi dhidi yake.

Jioni ile ile habari ilifika Nsambya kabla yake. Hajati alikuwa na jibu tayari kichwani, maana aliliogopa tangu mwanzo, na sasa ameliona. Kwamba binti yake ameliuza ua, kisha akafuta ili lisijulikane lilikotoka. Hakupiga kelele. Alinyamaza. Wanakaa nyumba moja, wanakula sahani moja, na mzee hamsemeshi binti yake hata "nipe maji". Akitaka maji alimwita Safi.

Mama yangu ndiye aliyenisimulia, mlango wa nne kutoka pale. "Maskini, bambi, huyu mwanamke amekonda," akasema. "Na wewe ndiye uligundua? Mungu akuzidishie akili, mwanangu."

Karakanani nako Afande alimtoa Mama Safi kwenye kompyuta. Hakumfukuza, alimpa mkasi akamweka nyuma kukata nyuzi zilizobaki kwenye beji. Mwanamke aliyechora nusu ya beji za shule za mji huu anakata nyuzi! Na ufunguo wa chumba cha kompyuta nikapewa mimi.

Ungedhani angenichukia. Wapi! Alinifanya mwalimu wake. Kila mapumziko alikuja na simu yake.

"Injinia, hebu niambie. Mtu anaweza kuchukua umiliki wa folda ya mwenzake?"

"Ni ngumu sana."

"Ngumu, au haiwezekani?"

"Kwa kompyuta kama hii... haiwezekani."

"Mbona huyu wa kwenye video anasema inawezekana?"

"Video za mitandaoni hizo. Mtu yeyote anaongea."

Alitikisa kichwa, akarudi kwenye mkasi wake. Kesho yake anakuja na swali jingine, lenye akili kuliko la jana. Ananikaribia hatua kwa hatua, bila kujua ananikaribia. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti changu kama panya aliyesikia paka nje ya tundu. Siwezi kuondoka, Afande angeuliza kwa nini. Siwezi kukaa. Chakula kilikataa. Hata kuitwa Injinia kulianza kunichoma, na wananiita hivyo mara mia kwa siku.

Siku moja akaja anang'aa. "Nimepata! Kuna mahali pa kuangalia mmiliki wa folda ni nani. Folda ya MAUA bado ipo, si ndiyo? Kesho asubuhi nitamwita Afande, tutaiangalia pamoja. Kama kuna mtu aliiingilia, jina lake litakuwa pale."

Jina lake litakuwa pale! Kwa majuma yote hayo, kwenye ile folda tupu, jina langu lilikuwa limekaa kwa herufi kubwa, INJINIA, na mimi mwenye diploma sikukumbuka.

Mchana ule alipokwenda kuswali, nilijifungia kwenye chumba cha kompyuta. Ilinichukua dakika moja. Nilifungua, nikaondoa INJINIA, nikaandika MAMA SAFI. Kosa la kwanza lilikuwa kiburi. Hili la pili sina jina la kulipa. Nililifanya nikijua kila kitu.

Asubuhi akamwita Afande. Akamwita na yule fundi aliyesema "basi ni yeye". Alikaa mwenyewe kwenye kiti, akabonyeza kwa vidole vyake viwili, hapa, halafu hapa, bila kukosea. Nilimwonea fahari, fikiria! Sehemu ikafunguka. Mmiliki: MAMA SAFI.

Alilisoma. Akalisoma tena. Hakulia. Alisema tu, "Basi mimi ndiye sijui kitu," akainuka, akaenda kuchukua mkasi.

Afande aliniwekea mkono begani. "Ulikuwa sahihi tangu mwanzo," akasema.

Arusi ilifika. Nilialikwa, tena nikawekwa mbele, pamoja na wazee. Waliita jina langu kwenye kuhudumia chakula. Safi akatolewa na shuka jeupe, zuri, la dukani, halina kitu. Wanawake wa ukoo walilipokea kwa vigelegele, lakini vilikatika upesi, na kila mmoja akaangalia pembeni. Hajati alikuwa kwenye mkeka. Akanyoosha mkono, akalipapasa lile shuka kutoka pembe mpaka pembe, taratibu, akitafuta. Alipofika mwisho akalikunja, akalirudisha.

Aliposikia sauti yangu aliniita. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea dua. Kwamba Mungu anilinde kama nilivyosema kweli wakati watu wake mwenyewe wamemwangusha, maana ndivyo alivyosema, "watu wangu mwenyewe". Na Mama Safi alikuwa hatua mbili kutoka pale, amebeba sinia la pilau.

Dua ile haikunitoka kichwani. Nilikaa nayo siku tisa. Ya kumi nikamwendea Afande ofisini kwake, nikafunga mlango.

"Afande, ni mimi nilifuta."

Akanitazama. Akatabasamu! "Kaa chini, kijana. Nimekuona unavyokonda. Una roho nzuri, unamhurumia mama. Lakini usijitwike mzigo wa mtu mwingine."

"Ni mimi, Afande. Nilichukua umiliki."

"Wewe mwenyewe ulisema haiwezekani. Na jina tuliona kwa macho." Akachukua karatasi zake. "Pumzika leo. Kesho urudi kazini."

Unaona nilivyojijenga? Nilikuwa nimejenga ukuta kwa ustadi wangu wote, na sasa niko ndani yake napiga kelele, na watu nje wanasifu ukuta ulivyonyooka.

Nilimkamata mkono Afande, kitu ambacho hakifanyiki, nikamvuta mpaka kwenye kompyuta. Nikatengeneza folda, nikaifunga kwa jina la Mama Safi kama alivyoifunga yeye. Nikamwambia afute. Akabonyeza, akakataliwa. Kisha nikafanya mbele yake yale niliyofanya siku ile. Folda ikatoweka. Nikatengeneza nyingine, nikachukua umiliki, nikaurudisha kwa Mama Safi, nikamwonyesha jina.

Afande alivua kofia. Kisha akasema kwa sauti ya gwaride, ingawa tulikuwa wawili tu, "Tangulia. Tunaenda Nsambya."

Hajati alikuwa sebuleni kwenye mkeka wake. Mama Safi alikuwa mlango wa jikoni, na unga mikononi. Nikapiga magoti. Nikasema yote, kuanzia Jumamosi mpaka ile dakika moja ya kubadilisha jina.

Mama Safi hakusogea. Niliona unga ukidondoka kwenye vidole vyake, basi.

Hajati alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Amekutuma."

"Hapana, Hajati."

"Amekutuma. Amechoka na kimya changu, akatafuta mtu anayeaminika."

Afande akaingilia. "Hajati, mimi nimeona kwenye skrini."

"Mimi skrini siioni, Afande. Wewe unaona, na ulishaona mara ya kwanza pia, si ndiyo? Ulisemaje mara ile?"

Ningemwonyesha nini mwanamke asiyeona? Angesikia vitufe tu. Nilibaki pale magotini, nikijua kwamba hata ukweli sasa umekuwa mali ya uongo wangu, na sitatoka humo milele.

Halafu nikakumbuka yale majina. Yale niliyoyasoma kwa hasira, moja moja, kila nilipokataliwa. Nina kumbukumbu nzuri, ndiyo iliyonipa diploma. Nikaanza kuyataja.

"Jani la kwanza mama amefurahi. Jani la pili limepinda kushoto. Jani la tatu mama anasema limelala sana. Jani la nne mama amekohoa tumeacha. Jani la tano..."

Hajati akainua uso. "Hayo angeweza kukufundisha."

Nikaendelea. La sita. La saba. Nilikuwa nimefumba macho, naona skrini ile ile.

"Jani la nane mama amelala, nimejaza mwenyewe, Mungu anisamehe."

Sauti ilitoka mlangoni kwa Mama Safi, kama mtu aliyekanyaga moto. Nikafumbua macho. Amejiziba mdomo kwa mkono wa unga.

Hajati akageuza kichwa polepole kuelekea jikoni.

"Hilo," akasema, "asingekutuma uniambie."

Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya mwezi na nusu, akamsemesha binti yake.

"Wewe! Jani la nane ulijaza mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na kitambaa cha majaribio ulichoniletea, nikakipapasa nikakuambia hapa pana kitu, ukasema ni uzi umekaza?"

"Ndiyo, mama."

"Muongo mkubwa! Kwa nini hukuniamsha?"

Mama Safi akacheka. Alikuwa analia, lakini alicheka, akaja akaanguka miguuni pa mama yake na unga wake wote, na mzee akaendelea kumgombeza, juu ya jani la nane, juu ya chumvi ya jana, juu ya mlango usiofungwa vizuri, kama mtu anayelipia siku zote alizonyamaza. Sijawahi kuona mtu anayefurahi kugombezwa namna ile.

Mimi nikainuka niondoke. Hakuna aliyenitazama.

"Injinia," Hajati akasema bila kugeuka. "Kaa. Endelea. La tisa?"

Nikakaa. Nikaendelea. Nilipotaja jina, yeye alinyoosha kidole hewani akichora, na Mama Safi akatafuta kalamu. Tulifika jani la ishirini na tatu. Hapo nikaishia.

"La ishirini na nne?"

"Sijui, Hajati."

"Umesahau?"

"Sikusahau. Mpaka la ishirini na tatu nilikuwa najaribu kufuta moja moja. Halafu nikachoka. Yaliyobaki niliyafuta kwa pamoja, bila kuyasoma."

Aliteremsha kidole chake kwenye goti.

Mama Safi amerudi kwenye kompyuta. Afande alimwomba radhi mbele ya mafundi wote, na yule msema maneno alisimamishwa kando yake asikie. Mimi Afande hakunifukuza pia. Alinipa mkasi. Nakata nyuzi, na ufunguo anao Mama Safi, na nikihitaji kitu kwenye kompyuta naomba. Kazini wananiita kwa jina langu la ubatizo. Mama yangu ameacha kuniombea akili.

Kila Jumapili baada ya misa nakwenda kwa Hajati. Hakuniambia amenisamehe, wala sijamwuliza. Nakaa mlangoni, nataja majina kuanzia la kwanza, maana majani yamemchanganyikia kichwani, lakini akisikia jinsi siku ile ilivyokuwa, kidole kinakumbuka. Tukifika ishirini na tatu anatafuta mwenyewe gizani. Mara mbili amepata kitu. Mara nyingi hapati. Safi ana mimba sasa, na shuka lake bado ni jeupe.

Ndugu yangu unayesoma, na hasa wewe uliyesoma kidogo kuliko jirani yako anavyodhani, au sana kuliko inavyokufaa! Faili likigoma, usikimbilie kuonyesha nguvu. Njia za kuvunja zipo, nazijua zote, hazina ugumu wowote. Lakini mashine ikikuandikia kwamba kitu ni cha fulani, soma hilo jina. Inuka, mtafute mwenye jina, muulize, hata kama unamwona mdogo, hata kama watu watakucheka. Na kama umeshafuta, sema siku ile ile, kabla mtu mwingine hajakaa kwenye kiti chako cha lawama.

Kutoka kwenye kompyuta ile mpaka kwenye benchi ambalo Mama Safi alikuwa akinywa chai ni hatua ishirini na mbili. Nimezihesabu. Nazihesabu kila siku.